Siku Abiria wa Mamba Walipokataa Kushuka

Wenzangu mnaobaki kwenye basi, hasa nyinyi makonda mlioanza juzijuzi na bado mnaona haya kugonga bodi, mmeniomba niandike. Nimestaafu wiki sita sasa, na bado naamka saa kumi na moja alfajiri nikitafuta mkoba wa tiketi. Mshahara sitautaja, hauna hadithi. Vyeo pia sina la kusema, maana kwenye basi vyeo ni viwili tu, dereva na asiye dereva. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na juu ya kosa nililolifanya kwa mdomo wangu mwenyewe, lililobakiza kidogo tu liwaache watu wa kijijini kwetu Mamba bila basi.

Nilianza kama karani wa tiketi stendi ya Same. Ilikuwa kazi ya kukaa. Kiti, kidirisha, kitabu cha tiketi, na peni iliyofungwa kwa uzi kwa sababu abiria wa Same ni watu wema lakini peni huwashinda. Siku moja konda wa basi la Mamba hakutokea. Baadaye tulisikia ameoa Hedaru na mkewe hataki mume wa kurudi na vumbi. Dereva wa basi hilo alikuwa Mzee Shabani, mtu wa Kihurio, mfupi, kofia haimtoki kichwani. Alikuja kidirishani akaniuliza, "Wewe binti, vituo vya mlimani unavijua?"

Nikamjibu kwamba nimezaliwa Mamba, vituo hivyo naweza kuvitaja nikiwa usingizini.

"Basi panda."

Nikapanda na viatu vyangu vya kisigino. Sikujua ndiyo nimeondoka kwenye kile kiti moja kwa moja.

Kwa asiyeijua njia yetu, kutoka Same kupita Kisiwani hadi Maore ni tambarare, joto na vumbi, hakuna cha kumtisha mtu. Baada ya Maore barabara inaanza kupanda kuelekea Gonja, halafu Mamba, na hapo ndipo dereva anaacha kuongea. Siku ile ya kwanza, kwenye kona ya tatu, basi lilichoka. Mzee Shabani akakanyaga breki akapaza sauti, "Gogo!" Nikatoa kichwa dirishani, nikaangalia barabara mbele na nyuma, nikamjibu kwa adabu zote, "Hakuna gogo, mzee, njia nyeupe." Basi zima likacheka. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa kiti cha mlangoni akainama, akavuta kipande cha mgunga kutoka chini ya kiti changu, akashuka nacho, akakisukuma nyuma ya tairi. Kisha akapanda akakaa, akaendelea na mazungumzo yake.

Hicho ndicho chombo cha kwanza cha konda wa mlimani. Gari lina breki, ndiyo, lakini breki imetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kufika Mamba. Gogo liwe la mti mgumu, lichongwe upande mmoja, likae karibu na mkono wako, na usikubali abiria yeyote alifanye kigoda.

Mengine yote alinifundisha Mzee Shabani, kwa kufoka zaidi kuliko kueleza. Gonga bodi mara moja, simama. Mara mbili, twende. Magunia ya tangawizi yakae kwenye buti, yasipande kwenye keria hata wakikusihi, maana uzito ukiwa juu basi linalala kwenye kona. Mzee akipanda, muulize anashukia wapi kabla hajakaa, umkumbushe kabla hamjafika, kwa sababu mtu akipitilizwa mlimani hana la kufanya ila kurudi kwa miguu. Halafu barua. Watu wetu hutuma vitu kwa basi zaidi kuliko wanavyosafiri wenyewe. Dawa, ufunguo, cheti cha kuzaliwa, kuku mwenye jina la mpokeaji kwenye mguu. Kwa mambo hayo Mzee Shabani hakuwa na mchezo. "Barua hailali kwa konda," aliniambia. "Ikilala kwako siku moja, umeiba siku ya mtu." Nikaishika kama sala. Simu zilipokuja nilidhani kazi hiyo itaisha, kumbe zikawa za kunipigia kuuliza kama mzigo umefika.

Sasa niwaeleze kitu tulichokiita kupunguza, maana bila hicho hamtanielewa.

Kulianza kwa mvua. Kati ya Gonja na Maore kuna mteremko mmoja ambao ukilowa unateleza vibaya, na basi lililojaa linakuwa na akili yake. Mzee Shabani akawa anasimama juu ya mteremko, mimi natangaza, "Jamani tupunguze." Wenye miguu mizima wanashuka, wanakata njia ya mkato katikati ya mashamba, sisi tunazunguka na kona polepole, tunakutana chini. Wazee, wagonjwa na wenye watoto wachanga wanabaki. Hakuna aliyenung'unika. Watu wa kwetu wakishaona jambo lina sababu, hawahitaji kuhubiriwa.

Tatizo ni kwamba trafiki naye alipenda kusimama pale Maore. Basi letu lina viti arobaini na tano, na siku za wiki watu wa Mamba mara nyingi huzidi hao. Sikumbuki ni nani alianza. Nasema sikumbuki kwa sababu ni mimi. Siku moja ya jua kali, hakuna hata wingu, nikatangaza, "Jamani tupunguze." Wakanitazama, wakatazama mbingu, wakaelewa. Wakashuka wote waliokuwa wamesimama, wakakata njia yao, wakatungoja mbele ya Maore, baada ya trafiki. Wakapanda wakiwa wanatabasamu. Tangu siku hiyo kupunguza kukawa na misimu miwili, wa mvua na wa trafiki, na abiria wangu waliijua misimu hiyo vizuri. Najua nyinyi vijana mtasema mama kumbe. Ndiyo, kumbe.

Mzee Shabani alistaafu akarudi kwake Kihurio, wakaja madereva wengine, miaka ikaenda. Tajiri wetu, yaani mwenye mabasi, naye akazeeka, kazi akaichukua binti yake, Bi Rehema. Huyu ni mtu wa maana, tena mwenye heshima. Alinikuta kazini akiwa bado anavaa sare ya shule, na hata alipokuwa bosi hakuacha kuniamkia. Ila ana kichwa cha kupanga, na aliona mabasi yanakula tairi na dizeli mlimani kuliko kwingine kote. Mwaka huu wangu wa mwisho alituita ofisini akasema lazima apunguze safari. Kila ruti ingehesabiwa abiria siku moja, kituo kwa kituo, na ile isiyo na watu ingekatwa. Wa kuhesabu alikuwa Mwalimu Zuberi, mwalimu mstaafu wa hesabu pale Same, mtu asiyekosea na asiyecheka.

Jioni ile, basi likipanda kurudi Mamba, nilifanya kosa langu. Kila kituo nilisimama mlangoni nikatangaza, "Kesho asubuhi nitakuwa na mtu wa ofisini, anahesabu kila kichwa kilichomo ndani ya basi." Basi. Nilimaliza hapo. Nilidhani jambo liko wazi, kwamba waje kwa wingi tuonekane. Nikalala usingizi mzuri kabisa.

Asubuhi basi liliondoka Mamba na watu wanne. Mmoja alikuwa mgonjwa, wa pili binti yake aliyempeleka, wa tatu mzee asiyesikia vizuri, na wa nne Nesi Niwaeli.

Huyu Niwaeli lazima niwaambie habari zake. Ni nesi wa zamu huko Gonja, na kwao ni Mamba, jirani na kwetu. Mama yake alipata kiharusi, upande mmoja hausogei, na katika ile nyumba hakuna mwingine. Asubuhi anamlisha, anamgeuza, jirani anapita kumtazama mchana, na yeye jioni anarudi na basi letu. Maisha yake yote yalikuwa yamefungwa kwenye ratiba yetu. Kwa bodaboda kila siku, tena njia ile wakati wa mvua, asingeweza, na kumhamisha mama hakuwezekani.

Mwalimu Zuberi, aliyefika usiku kwa lori la tangawizi, alikaa kiti cha mbele na daftari lililopigwa mistari kwa rula. Akaandika, Mamba, wanne. Mimi nikajisemea labda kuna msiba. Vituo vilivyofuata, hakuna mtu. Gonja Niwaeli akashuka, wakabaki watatu. Nikatoa kichwa dirishani kutafuta watu. Tukateremka mpaka Maore, tukampita trafiki, akatupungia mkono kwa heshima kama tumebeba maiti. Halafu mbele kidogo, pale pale tunapokutana siku zote, nikawaona. Kijiji kizima kimesimama kando ya barabara, viatu mkononi, miguu ina umande na matope. Walikuwa wameondoka nyumbani kungali giza, wakashuka kwa miguu.

Walipanda mmoja mmoja, wakinipa ishara ya jicho. Mama Elieshi, muuza tangawizi, shangazi yangu, aliniinamia sikioni akaninong'oneza kwa Chasu, Kipare chetu, "Tumekusitiri, mwanangu. Hajampata hata mmoja."

Tangu lini mtu wa ofisini akahesabu vichwa ndani ya basi kwa wema? Hawajawahi kumwona. Anayehesabu anahesabu ili atoze. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha hivyo, na walikuwa wanafunzi hodari.

Nikageuka. Mwalimu Zuberi alikuwa anaandika kwa mwandiko wake mzuri, Maore, arobaini na moja.

Hapo ndipo ningesema. Ningesema, Mwalimu, futa, hawa ni wa Mamba. Lakini angeuliza kwa nini watu wa Mamba wanapandia Maore, na mimi nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja kustaafu na jina safi. Nikanyamaza. Naliandika hili kwa aibu. Niliwaacha watu walioloa umande kwa ajili yangu waandikwe kwamba hawapo.

Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa stendi. Kuanzia mwezi ujao basi letu litaishia Maore. Ukilisoma lilikuwa na haki kabisa, abiria wako Maore, Mamba hakuna mtu. Mlimani walilisikia siku hiyo hiyo. Hawakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Mama Elieshi alisema tu, "Kumbe alikuwa wa kutusaidia. Si ungesema."

Asubuhi ya Jumatatu Nesi Niwaeli alipokuwa anashuka Gonja alinipa bahasha. "Dada, nifikishie hii Same, ofisini kwa waajiri wangu."

"Ni nini?"

"Barua ya kuacha kazi." Alisema kama anayetaja bei ya nyanya. "Gonja siwezi kulala, na mama siwezi kumwacha. Nimeshafikiria pande zote, dada yangu. Afadhali niondoke kwa barua kuliko nianze kuonekana mtoro."

Nikaitia mkobani. Tulipofika Same nilipita mbele ya ile ofisi, nikaendelea. Nikanywa chai ambayo sikuitaka, nikapita tena, nikaendelea. Mara ya tatu miguu ikanipeleka kwa Bi Rehema.

"Shikamoo, mama," akasema, akasimama kunipa kiti.

"Marahaba, mwanangu. Usinipe kiti, nimekuja kushitakiwa."

Nikamweleza yote, mvua, trafiki, njia ya mkato, tangazo langu la kipumbavu, wale arobaini na mmoja. Alinisikiliza bila kunikatiza, akigonga kalamu mezani.

"Kwa hiyo, mama, miaka yote hii umekuwa unawashusha abiria ili kumkwepa trafiki?"

"Si miaka yote. Mwanzo ilikuwa mvua."

"Baba alijua?"

"Baba yako alituambia hataki kuona karatasi ya faini mezani kwake. Njia ya kuifanikisha hakutuuliza."

Akageukia dirisha, nikaona mabega yanamcheza, nikajua anazuia kicheko. Halafu akawa bosi tena. "Mwalimu atahesabu mara moja zaidi, Alhamisi. Lakini wewe hutamwambia mtu yeyote. Ukisema, watanijazia basi mpaka juu ya paa, nami nitakuwa sina ninachojua."

Nikamwahidi, na ahadi hiyo niliitimiza, mniamini msiniamini. Sikufungua mdomo. Ila kuna jambo ambalo Bi Rehema, mtu wa mjini, hakulifikiria. Ili kuhesabu kuanzia Mamba asubuhi, Mwalimu Zuberi, safari hii bila lori, alipaswa kupanda na sisi Jumatano jioni na kulala Mamba. Alishuka pale kituoni na daftari lake kwapani, mbele ya watu wote. Kabla ugali haujaiva kijiji kizima kilikuwa kinajua.

Alhamisi walikuja mpaka waliokuwa hawana safari. Mama Elieshi alikuja na majirani wa pande zote mbili. Alikuwepo mzee mmoja ambaye sijamwona nje ya uzio wake tangu wajukuu wake wakiwa wadogo. Nikamwamkia nikamuuliza anakwenda wapi, akasema anakwenda Maore kuangalia kama kumenyesha. Wanakwaya walikuja na sare. Niwaeli alikuwa amebanwa kwenye kona nyuma ya dereva na hakuwa na pa kuweka mkoba. Aliposhuka Gonja kwa zamu yake, nafasi yake ilijazwa na watu wawili. Mwalimu Zuberi alianza kuhesabu, akapoteza mahali alipofika, akaanza upya. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake.

Tulipofika juu ya ule mteremko, trafiki akiwa chini Maore, nilisimama mlangoni nikasema kwa mazoea, "Jamani tupunguze."

Hakuna aliyesogea.

Nikadhani hawakusikia. "Jamani, tupunguze. Mbele yuko mkubwa."

"Hatushuki," akasema Mama Elieshi, na hakuwa ananong'ona. "Leo tunataka tuonekane."

Katika miaka yangu yote hawajawahi kunikatalia. Nilitazama zile nyuso, zimebanana, zinatoka jasho, zinaniangalia moja kwa moja, na nikaona haya kwamba niliwahi kuwaomba wajifiche. Nikamwambia dereva twende.

Maore trafiki alitusimamisha. Mwanamke mpole, mwandiko mkubwa. Alijaribu kuingia, akashindwa, akahesabu kwa kupitia madirishani. Kisha akaniandikia kosa, kwa jina langu kamili, na kwenye karatasi akaandika kwamba basi limetoka Mamba, lina viti arobaini na tano na abiria sabini na wawili. Aliponikabidhi, Mwalimu Zuberi akanyoosha mkono. "Naomba hiyo," akasema. "Mimi nimepata sabini na mmoja, lakini nadhani huyu yuko sahihi." Akaibana katikati ya daftari lake.

Bi Rehema aliisoma ile karatasi mara mbili. "Hawa wote wanasafiri kila siku, mama?"

"Hapana, mwanangu. Kama theluthi yao walikuja ili uwaone. Lakini hao wengine wapo kila siku, nilikuwa nawaficha mimi."

Akakata safari za Jumamosi na Jumapili. Siku tano zilizobaki basi linapanda mpaka Mamba, na linapanda hadi leo. Akaniambia faini niilipe mwenyewe, nikaona ni haki. Akaongeza kwamba siku za kujaa ataleta basi dogo lifuate nyuma, na kwamba akisikia tena neno kupunguza kwenye jua kali, mtu atafukuzwa. Hilo la mwisho ndilo ninalowaachia nyinyi. Wakati wa mvua punguzeni, tena msisubiri. Wakati wa jua acheni watu wakae kwenye viti vyao, waonekane.

Jioni ya siku ile Niwaeli alipandia Gonja, amechoka, sare imekunjamana. Nikamwambia basi limebaki. Alishika chuma cha kiti akafumba macho. Nikatoa bahasha mkobani, pembe zimeshaanza kuchakaa.

"Nisamehe, mdogo wangu. Sikuifikisha. Katika kazi yangu yote hii ndiyo barua ya kwanza kulala kwangu."

Akaitazama bahasha, akanitazama mimi. "Najua, dada. Ningetaka ifike ningempa dereva, si jirani yangu."

Akaikunja, akaitia mfukoni, akaniuliza kama kuna kiti cha dirishani kilicho wazi. Kilikuwepo. Tulipofika Mamba ilibidi nimwamshe.